Vigae vya Nyumba ya Watawa

Wajukuu zangu, na nyinyi watoto wa wenzetu mnaokaa viti vya nyuma kanisani mkidhani hatuwaoni, haya nimeyaandika kwa ajili yenu. Shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo msitafute maneno ya mapambo hapa. Anayejua kusoma Kiswahili amsomee asiyejua, na huyo anayesomewa akianza kuchezea simu, mnyang'anyeni kwanza. Nitawaeleza kosa nililolifanya nikiwa na miaka thelathini na tatu, hapa hapa Texas, wakati mama zenu walikuwa wadogo kuliko nyinyi. Kanisani sijawahi kulisema. Hata babu yenu, Mungu amrehemu, sikumwambia lote.

Nakumbuka siku moja nimepiga magoti juu ya zulia jeupe katika nyumba ya watu huko Sugar Land, ninakusanya matofali ya plastiki, yale ya kuchezea watoto, ninayatupa kwenye ndoo yake. Mzee mmoja wa miaka sabini na kitu amesimama karibu yangu, mikono nyuma. Ananitazama tu mpaka tofali la mwisho linaingia kwenye ndoo, kisha anakwenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani. Mimi nilijiona mwanamke hodari wa usafi.

Sasa nianze panapostahili.

Tulikuja Houston mwaka wa tisini na saba, mimi na babu yenu na watoto wawili, kutoka Taita, kwa ile bahati nasibu ya viza ambayo babu yenu alijaza fomu yake bila kuniambia. Tukapanga Sharpstown, ghorofa ya pili, katika jengo lenye watu wa kila nchi. Ukitoka mlangoni unasikia lugha tano, na hakuna hata moja unayoweza kusalimia nayo. Babu yenu akapata kazi ya ghala. Mimi nikakaa miezi mitatu ndani natazama maegesho ya magari, hadi jirani mmoja, nesi wa kutoka Kisii tuliyemwita Mama Kemunto, akanionea huruma. Akaniuliza kama naweza kumtunza mzee wa watu mchana, nimpikie, nimpe dawa, nimwogeshe akihitaji. Nikamwambia nimelea watu tangu nina miaka saba.

Mwanangu, kuna upweke wa mtu aliye peke yake, na kuna upweke wa mtu aliye ndani ya nyumba ya wengine. Huo wa pili ndio niliokuwa nao. Babu yenu alinishusha asubuhi mapema akielekea kazini. Ilipofika saa mbili, gari la mwisho la mtaa ule lilikuwa limeondoka. Barabara safi, miti imekatwa sawasawa, na hakuna anayetembea kwa miguu. Ulichosikia ni mashine ya baridi ikiwaka, ikizima, ikiwaka tena. Kwetu hata ukiwa shambani peke yako unasikia mtu ng'ambo ya bonde akipasua kuni, ukijua ni fulani, na leo ana hasira. Sugar Land nilikuwa nafungua bomba la maji ili nisikie kitu.

Mzee wangu aliitwa Mzee Rahim. Alitoka Bangladeshi. Mkewe alipofariki, mwanawe Kamal, injinia wa mambo ya mafuta, akamfuata akamleta akae naye. Nyumba kubwa, friji mbili, na mzee hana wa kuongea naye kuanzia asubuhi mpaka alasiri isipokuwa mimi. Kiingereza chake kilikuwa kibovu na changu kilikuwa kibovu, lakini vilikuwa vibovu kwa namna moja, tukaelewana. Aliniita Ma. Kwao mwanamke mdogo huitwa mama kwa heshima, kama sisi tunavyomwita binti mama, basi hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Nilikuwa mlinzi," aliniambia wiki ya kwanza.

"Wa benki?"

"Wa magofu."

"Magofu ya nini, Mzee?"

"Ya nyumba ya watawa wa Kibudha. Waliishi pale zamani sana, hata hakuna anayejua babu zake walikuwa wapi wakati huo. Walisoma, waliomba. Wakaondoka, na udongo ukaifunika nyumba yao."

Nikaacha kukuna karoti. "Si wewe ni Mwislamu?"

"Mwislamu."

"Na unalinda masanamu ya watu?"

"Serikali ilinipa filimbi na fimbo, Ma. Dini haikuniuliza."

Nilicheka, naye akacheka, na siku ile nikadhani tutakuwa marafiki. Aliniambia kwamba kijijini kwao walidhani ni kilima. Walilisha mbuzi juu yake. Mtu akitaka kujenga zizi au jiko, alikwenda kuchimba tofali mle, nzuri, nyekundu, zimechomwa zikaiva. Nyumba ya baba yake nzima ilikuwa ya tofali hizo.

"Mama yangu alipika wali juu ya watawa miaka arobaini," alisema.

"Halafu wewe ukaandikwa kazi ya kuzuia wengine wasichukue."

"Ndiyo sababu waliniandika. Nilijua mashimo yote. Mengine nilichimba mwenyewe."

Wajukuu wake, watoto wa Kamal, walikuwa na ndoo kubwa ya matofali ya plastiki. Watoto wakienda shule, Mzee Rahim aliimimina ndoo ile juu ya zulia la sebuleni, akaketi chini, na miguu yake ile mibovu, akajenga. Alijenga kila siku jengo moja. Ukuta wa pande nne, mrefu, na ndani ya ukuta vyumba vidogo vidogo vimepangwa mstari, kila kimoja mlango wake unatazama uwanja wa katikati. Katikati kabisa, kilima cha hekalu. Upande wa kaskazini, lango. Akimaliza ananiita, "Ma, njoo uone." Nami natoka jikoni nafuta mikono.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe, kwa maana bila hili hamtaelewa kosa langu.

Kuta za chini za hekalu lile zilikuwa zimebandikwa vigae vya udongo wa kuchoma, na kila kigae kina picha. Hazikuwa za miungu tu. Mwanamke amebeba mtoto ubavuni, mtu amebeba mizigo miwili kwa mti begani, nguchiro anapigana na nyoka, nguruwe, mzee mwembamba mbavu nje. Watu wa kawaida wa wakati huo, kama wewe na mimi. Vingine vilikuwa vimebanduka, vikawekwa katika kibanda cha stoo ili visiibwe. Ukaja mwaka wa vita vya nchi yao. Askari walikuwa wanachoma vijiji barabara nzima. Mzee Rahim na mlinzi mwenzake, mchana kweupe, huku wakijifanya wanafyeka nyasi, wakavitia vigae hivyo kwenye magunia, wakainua tofali za sakafu katika chumba kimoja cha watawa, wakavifukia, wakazirudisha tofali kama zilivyokuwa. Mwenzake aliuawa juma hilo hilo. Akabaki yeye peke yake anayekijua chumba.

Vita vilipoisha hakusema. Vitu vya kale vilikuwa vinauzwa kwa wageni, na yeye mlinzi wa chini hakujua kati ya wakubwa wake nani mwaminifu na nani si mwaminifu. Akajiambia atamwambia mtu mmoja mwaminifu akimpata. Miaka ikapita. Mkewe akafa, Kamal akaja na tiketi, na mambo yakaenda haraka. Akajikuta Sugar Land na siri yake.

Kamal hakutaka kuisikia. Sikumlaumu sana wakati ule na simlaumu sasa. Alikuwa amewaambia rafiki zake kwamba baba yake alikuwa mkubwa katika idara ya mambo ya kale, na kila mzee alipotaja filimbi na fimbo mbele ya wageni, Kamal alikunja uso. "Baba, hayo yameisha," alimwambia. "Pumzika." Kwa hiyo mzee aliacha kusema mbele ya mwanawe. Alingoja gari litoke, amimine ndoo.

Aliniambia mimi. Kila siku, juu ya zulia, kwa kidole. Unaingia langoni, unageuka upande huu, unafuata ukuta, unafika pembeni, unaanza kuhesabu vyumba. Kuna kimoja kina jukwaa la kuabudia ndani, hicho sicho. Aliniambia mimi kwa sababu nimezaliwa shambani. "Wewe unajua kuhesabu mistari ya mahindi," alisema. "Mtu wa ofisini akihesabu anapotea."

Na mimi nilifanya nini? Nilimwitikia.

Mama Kemunto ndiye aliyenifundisha, na alinifundisha kwa nia njema. Aliniambia wazee wa huku wakianza kurudiarudia, usibishane nao. "Mwambie ndiyo, Mzee. Sawa, Mzee. Nimesikia. Ukibishana naye presha inapanda, na wewe ndiye utakayeulizwa." Ni kweli Mzee Rahim alikuwa ameanza kusahau. Alisahau kama amekula. Mara moja alitafuta kiatu alichokuwa amekivaa. Nikamweka katika kapu la wasahaulifu, nikamaliza. Kama ningekuwa makini ningeona kwamba siku anayosahau kiatu, vyumba havisahau. Hesabu yake haikubadilika hata siku moja. Nilikuwa naijua kwa mlio wake, inapanda hapa, inashuka pale, na nilijua inapokaribia kuisha ili niseme ndiyo. Maneno yenyewe yalinipita.

Saa tisa mke wa Kamal alikuwa anarudi, naye hakupenda kukuta vitu chini. Kwa hiyo saa nane na nusu napiga magoti, navunja nyumba ya watawa, naitia kwenye ndoo. Hivyo karibu mwaka na nusu.

Halafu ikaja siku niliyoharibu kila kitu.

Asubuhi ile Wakesho, ambaye nyinyi mnamwita mama, alikuwa na miaka tisa. Babu yenu alisimamisha gari getini shuleni, nikashuka naye nikamwambia kwa Kiswahili afunge vifungo vya koti, baridi ipo. Wenzake walikuwa wamesimama pale. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kunitazama, kwamba nisiseme naye hivyo mbele ya watu. Mtoto ni mtoto, na mimi nimeshamsamehe, msimchokoze kwa hilo. Lakini niliingia kazini siku ile na neno lake. Nilijiona sina mtu. Kwetu ni mbali, mume namwona garini tu asubuhi, na mtoto niliyemzaa anaona haya sauti yangu. Nilikuwa nasonga ugali wangu mwenyewe jikoni kwa hasira.

Mzee Rahim akaniita. Siku ile macho yake yalikuwa maangavu kabisa. Alikuwa ameoga mwenyewe, amechana nywele. Jengo lilikuwa zuri kuliko siku zote. Hata hekalu alilipa ngazi.

"Kaa, Ma," alisema. "Leo usisimame."

Nikakaa pembeni mwa sofa, mwiko mkononi.

"Mimi sasa nasahau. Leo najua, kesho sijui kama nitajua. Nitakwambia mara moja, polepole, na wewe utashika."

"Sawa, Mzee."

Akasema. Akasema upande, akasema pembe, akasema hesabu ya vyumba, akasema tofali za sakafu zinazoinuka ziko karibu na ukuta upi. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Na kichwani mwangu nilikuwa nazungumza na Wakesho. Nilikuwa namwambia, mimi nilikunyonyesha miaka miwili, leo unanionea haya? Nilimwambia mengi sana Wakesho siku ile, naye alikuwa darasani, hakusikia hata moja. Na aliyekuwa mbele yangu akiniambia, mimi sikumsikia hata moja.

Akamaliza. "Umeshika?"

"Nimeshika, Mzee."

"Kweli, Ma?"

Alinipa nafasi ya pili, mnaona. Aliniuliza mara mbili.

"Kweli. Nimeshika yote."

Akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa Kiarabu, akapangusa uso kwa viganja viwili kama wanavyofanya wakimaliza dua. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akalivunja jengo mwenyewe, akayatia matofali kwenye ndoo, moja moja, akafunika.

Kuanzia siku hiyo hakujenga tena. Alikaa dirishani akanywa chai yake, mtulivu, analala vizuri. Mimi nilifurahi zulia ni safi. Nikamwambia Mama Kemunto, dawa yako imefanya kazi.

Baada ya miezi miwili kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukafa, ulimi ukafa. Alirudi kutoka hospitali anasikia kila kitu lakini hawezi kutamka neno. Mkono wa kushoto aliweza kuuinua kidogo.

Wiki chache baadaye ikaja barua kutoka kwao. Kijana mmoja afisa, mpya kazini, alikuwa amekuta orodha ya kale ya vitu vya stoo, akaona vigae kadhaa haviko popote. Akawaandikia walinzi wa zamani walio hai. Akapiga na simu. Alimwambia Kamal kwamba mafundi wapo kazini, wanatengeneza vyumba vya watawa, na kabla ya mvua wataweka tofali mpya juu ya sakafu zote za kale ili zisiliwe na maji. Kama kuna jambo mzee analijua, aseme sasa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayefunua tena.

Kamal alirudi mapema siku ile. Akapiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, na suti yake ya kazi. Sikuwa nimemwona akipiga magoti kabla ya hapo.

"Baba, ofisi inauliza vigae. Uliviweka wapi?"

Mimi nilikuwa mlangoni pa jikoni na bakuli la wali laini. Mzee akauinua mkono wa kushoto, akaunyoosha kwangu. Kamal akageuka, akatazama nyuma yangu. Alidhani anaonyesha friji.

"Anataka maji?" aliniuliza.

Mzee akapiga mkono wa kiti. Akanyoosha tena. Uso wake ulikuwa unafurahi, wanangu. Upande mmoja wa uso, ule uliobaki hai, ulikuwa unacheka. Mambo yalikuwa yametokea kama alivyoyapanga: yeye amenyamazishwa, lakini mtu wake yupo.

Kamal akaelewa. "Alikwambia wewe?"

"Ndiyo," nikasema. Hata hapo, ndiyo.

"Ni wapi?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini yule mzee ananitazama, na mwanawe amepiga magoti, na mdomo wangu ulikuwa umezoea. Nikasema, "Upande wa mashariki. Chumba cha nne."

Sijui maneno hayo niliyatoa wapi. Yalitoka tu.

Nikaona ile furaha ikiondoka. Hakukasirika. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama mikono yangu, kisha akafunga macho. Na hapo ndipo nilipojua kwamba amejua. Si kwamba nimekosea chumba. Amejua kwamba kwa mwaka na nusu alikuwa anaongea peke yake.

Niliweka bakuli chini nikamwambia Kamal, "Nimedanganya. Mimi sijui."

"Hakukwambia?"

"Aliniambia kila siku. Sikuwa nasikiliza."

Nilingoja anifukuze. Kamal alikaa chini kabisa, juu ya zulia. "Mimi aliniambia habari za nyumba ile tangu nikiwa mtoto," alisema. "Kila jioni akirudi. Sikumbuki hata mlango."

Wiki tatu tulijaribu. Kamal alikuwa anarudi kula mchana ili tuwe wote wawili. Nilimimina ndoo nikajenga mwenyewe ile nyumba, na nikagundua kwamba mikono yangu inaijua kidogo, kwa kuivunja mara nyingi. Pande nne, lango kaskazini, hekalu. Nikigusa upande namwuliza, "Huu, Mzee?" Tulikuwa tumekubaliana: ainue kidole kama ndiyo, afunge macho kama hapana. Upande wa kaskazini, akafunga. Mashariki, akafunga. Kusini, akafunga. Magharibi, akainua kidole. Kamal alilia siku hiyo. Tukaona tumepata.

Lakini vyumba. Nikagusa cha kwanza kutoka pembeni, akainua kidole. Nikagusa cha pili, akainua kidole. Cha tano, akainua. Cha kumi, akainua. Tukampumzisha, tukarudia kesho yake, na kesho kutwa. Kila nilichogusa aliinua kidole, huku anatazama dirishani. Alikuwa amechoka. Alikuwa ananiitikia tu, ili niondoke niende zangu jikoni.

Niliujua mwitikio ule. Ulikuwa wangu.

Kamal aliwapigia simu akawaambia upande wa magharibi. Yule kijana afisa alishukuru, lakini alisema ukweli: upande mmoja una vyumba vingi mno, na huwezi kufumua sakafu za watu wa kale kwa kubahatisha, utaharibu kingi ukitafuta kidogo. Mvua zilikuwa zinakaribia. Mafundi wakaendelea, sakafu mpya zikawekwa upande wote ule. Mzee Rahim alifariki mwezi wa nane. Wanaume wakaenda makaburini, mimi nikabaki na wanawake tunaosha vikombe, na hakuna aliyeniambia neno baya. Ingekuwa afadhali wangeniambia.

Vile vigae bado viko chini. Yule mwanamke na mtoto wake ubavuni, na yule mwenye mizigo begani. Waliokoka vita. Hawakuokoka mimi.

Na jambo la mwisho kuhusu mwaka ule, ndipo nije kwenye nasaha. Nililia upweke miaka miwili Sugar Land. Nilifungua bomba ili nisikie sauti. Na muda wote huo kulikuwa na mtu ndani ya nyumba ananiita jina la heshima, ananiambia njoo uone. Mzee yule alikuwa mpweke kuliko mimi. Tungeweza kupunguziana. Sikumpunguzia, nami sikupunguziwa.

Sasa mwanangu, sikia. Unapomwambia mtu mzima "nimesikia", anatua alichokuwa amebeba. Ameamini umekichukua. Akishakitua hatakibeba tena, na hatamtafuta mwingine wa kumpa, maana wewe upo. Ningemwambia Mzee Rahim siku ile, "Mzee, leo moyo wangu mzito, sikusikii, niambie kesho," angenisubiri. Au angempigia mtu simu. Au angemshika Kamal kwa shati. Ni ile "nimeshika" yangu iliyoifunga njia. Uongo wa upole ni uongo, hata ukiusema kwa sauti nzuri, hata ukifundishwa kazini kwamba ni adabu. Kutosikiliza kunasameheka, sote tuna siku mbaya. Kusema umesikiliza ndiko kunakoharibu.

Na usidharau habari kwa sababu si ya dini yako, au si ya kabila lako, au ni ya matofali ya watu waliokufa zamani. Mimi nilidharau. Wale watawa hawakunihusu kitu. Lakini yule aliyewalinda alinihusu, na mimi nilikuwa nimeajiriwa kumtunza yeye, si kulitunza zulia.

Mungu awape masikio, wanangu, na awape watu wa kuwasikia siku zenu zitakapofika, maana zitafika. Awape watoto watakaowatazama mnapoongea. Awaongezee miaka, na miaka hiyo isiwe ya kukaa dirishani.

Pasaka iliyopita tulikuwa nyumbani kwa Wakesho, mjini Katy, wote mezani. Nilikuwa nawaelekeza alipozikwa mama yangu, kule juu Taita, ukiacha barabara kwenye kinu cha posho, kwa kuwa pale hakuna jiwe lenye jina na mimi ndiye wa mwisho ninayepajua. Mmoja wenu, simtaji, akaniambia, "Okei, Nyanya. Okei. Okei." Mara tatu. Nikaweka kijiko chini. Wakesho aliniona uso wangu akazima televisheni. Nikasimama, na amri niliyoitoa siku ile ndiyo inayofuatwa katika nyumba zetu zote hadi leo:

"Kuanzia sasa, hapa ndani, nikisema jambo mtu asiniambie okei. Aniulize swali. Akikosa swali, aseme, 'Nyanya, sijasikia, anza tena,' nami nitaanza tena bila kununa. Na asiye na nafasi aniambie usoni kwamba hana nafasi, nimtafute mwingine."